Mgongo wa Sirap

Kamati ya wazazi wa zizi la Lövhult, ambako watoto hujifunza kupanda farasi, ilipiga kura kwa kunyoosha mikono, na mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Pernilla. Vidole vyake vilikuwa bado na sukari na mdalasini, maana kabla ya kura kulikuwa na kahawa, na kwetu Småland kahawa hainywewi kavu. Watu wanane wazima, kila mmoja na andazi lake mkononi, walikuwa wanajadili uzito wa watoto. Mimi ningecheka, lakini mle ndani hakucheka mtu.

Neno lilianzishwa na Berit, mwalimu wa farasi, mwanamke wa miaka sitini aliyekauka kama kuni. Daktari wa mifugo alikuwa amekuja, akampapasa Sirap mgongoni, na Sirap akashtuka. Sirap ni farasi mfupi wa asili ya huku, manyoya yake rangi ya asali iliyoungua, na umri umeshamwendea. Daktari alisema hana ugonjwa, ila anabebeshwa kuliko nguvu zake. Mtoto wa kilo arobaini, sawa. Zaidi ya hapo, mnamtesa mnyama.

"Kule stoo kuna mizani ya magunia," Berit akasema. "Kila mtoto apande, tujue nani anampanda nani. Dakika kumi tu, tumemaliza."

Staffan, mwenyekiti, akaweka kikombe chini polepole, kama mtu aliyesikia tusi kanisani.

"Berit. Hawa ni watoto."

"Najua ni watoto. Na wale ni farasi."

Hapo ndipo Pernilla alipodakia. Alizungumza kwa uchungu hata shingo ikamwiva. "Hakuna mtoto atakayepandishwa mizani mbele ya wenzake hapa! Mnajua msichana anabaki na nini baada ya hapo? Hata neno lenyewe lisitajwe. Wabadilishe kimyakimya. Tafuta sababu yoyote."

"Na wakiuliza?"

"Waambie farasi anapumzika."

Wakaafiki wote, wengine kwa machozi machoni. Berit peke yake alishika kikombe kwa mikono miwili asinyooshe hata mmoja. Nami nitasema lile ambalo Pernilla hakumwambia mtu: alipokuwa anatetea heshima ya watoto, kichwani mwake alikuwa na Moa wa jirani, mtoto mwenye mashavu yake. Maskini Moa, alikuwa anajisemea, wasije wakamuumiza Moa. Binti yake mwenyewe, Hedda, hakumpitia akilini hata kidogo. Ndiyo hivyo, mkuki kwa nguruwe.

*

Jumanne iliyofuata Pernilla aliegesha gari nje ya zizi kama kawaida. Ilikuwa Novemba, saa kumi za jioni na giza limeshatanda, theluji ya majimaji inaanguka. Hedda ana miaka kumi na mmoja. Kila Jumanne na Alhamisi, masomo yakiisha, huja mbio zizini, humsugua Sirap, humpanda, humlisha, kisha hutoka ananuka mavi ya farasi na kusimulia mpaka wafike nyumbani. Siku ile alitoka taratibu, kofia ya kupandia farasi mkononi.

"Vipi, mama yangu?"

"Sirap anapumzika."

Pernilla alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka kinywani mwa mwanawe.

"Anapumzika? Basi... ni vizuri. Hata farasi huchoka."

"Berit amenipa Bastian."

Bastian ni dume la kuvuta mikokoteni ya magogo, mabega yake yako juu ya kichwa cha Hedda, na kwato zake kama sufuria.

"Ulimpanda?"

"Nilisema tumbo linauma."

Njia nzima Pernilla alimwangalia kwa kuibia. Mapaja yaliyokaza suruali ya kupandia farasi, iliyonunuliwa juzijuzi tu mwezi wa nane. Mikono. Kidevu. Alimwangalia mwanawe kama anavyoangaliwa mtu kwenye foleni ya ukaguzi wa uwanja wa ndege, kisha akajichukia. Amekua lini huyu mtoto? Na mimi nilikuwa wapi?

Alhamisi Hedda alienda, akarudi kabla ya wakati kwa miguu, amelowa. Alimkuta Tilde, kadogo ka miaka minane, kembamba kama ufito, yuko juu ya Sirap anazunguka naye uwanjani.

"Haumwi, hapumziki," akasema mlangoni, buti bado mguuni. "Anapandwa na Tilde."

Conny, baba yake, alikuwa jikoni. Conny ni fundi wa mabomba, na Alhamisi ni zamu yake ya kupika: supu ya dengu za njano, halafu chapati za maji na jamu, kama ilivyo kila Alhamisi karibu kila nyumba ya mji huu. Hedda huwa anakula chapati mpaka baba yake anaomba msaada. Siku hiyo alikaa mbele ya sahani, akakunja moja, akaikunjua, akainuka.

"Sina njaa."

Pernilla alikuwa kwenye sinki. Yeye hula amesimama, vijiko viwili vitatu huku anaosha vyombo. Ukimuuliza atasema amekula kazini, kwenye duka la rangi. Ameishi hivyo miaka, na hakuna tena anayemvutia kiti.

"Kuna nini?" Conny akauliza mlango wa chumbani ulipofungwa.

Pernilla akafungua bomba maji yapige kelele, akamweleza yote. Conny akasikiliza, mwiko mkononi, chapati inaungua.

"Sasa si umwambie tu."

"Nimwambie nini? Kwamba ni mnene?"

"Nani kasema mnene? Mtoto kakua, farasi hajakua. Hesabu hiyo."

"Wewe mwanamume, Conny. Msichana wa miaka kumi na mmoja ukimwambia 'kilo' anasikia kitu gani? Unaona hata chakula ameacha! Ameshajua. Wameshamtania wale, nakwambia, wamemtania, na ndiyo maana anajinyima."

"Amesema wamemtania?"

"Hawezi kusema. Mimi nilisema?"

Conny akamwangalia. Aliwahi kusikia habari ile mara moja tu, kabla hawajaoana: muuguzi wa shule aliyesoma uzito wa Pernilla kwa sauti mbele ya darasa, na wavulana waliomlilia kama ng'ombe mpaka mwaka ukaisha. Alizima jiko.

*

Basi zikaanza siku za wazimu nyumbani mle. Pernilla aliondoa mizani ya bafuni akaificha garini chini ya turubai. Kioo kirefu cha ukumbini akakigeuza kikatazama ukuta, akasema msumari umelegea. Akaanza kumsifu mtoto asubuhi na jioni.

"Una nywele nzuri leo, Hedda."

"Sijachana."

"Na macho yako, jamani, kama ya bibi yako."

"Mama, una nini?"

"Mimi? Sina kitu. Kwani siwezi kumsifu mwanangu?"

Hedda akazidi kukosa raha. Mtu mzima akianza kukusifu bila sababu, mtoto mwenye akili hujua kuna msiba. Asubuhi alikula nusu kipande cha mkate. Mwalimu alipiga simu kutoka shuleni: anashika uma tu, hali. Jumamosi ya wiki ya pili ikafika, siku ambayo watoto wa huku wote huenda dukani kujichotea peremende kwenye makasha, mfuko mmoja kwa wiki, na haki hiyo hainyang'anywi hata na mfalme. Hedda alichota peremende tatu nyeusi za chumvi, akafunga mfuko.

"Hizo tu?" Conny akauliza.

"Hizo tu."

Pernilla akatoka nje ya duka akasimama kwenye baridi. Alitamani kumtikisa mtoto, kumwambia kula, nakuomba kula, umbo lako halina kosa. Lakini kulisema hilo ni kulitaja neno. Naye ndiye aliyepiga marufuku neno lisitajwe.

Jumapili alimkuta Berit kwenye kituo cha mafuta. Berit akamwambia palepale, pampu mkononi: "Mtoto wako hakuja Jumanne wala Alhamisi. Anapita kwenye uzio anaangalia, nikimwita anakimbia. Nimwambie ukweli?"

"Usithubutu!"

"Pernilla, kimya hiki hakimfai."

"Kamati imeamua, Berit."

"Kamati," Berit akasema, akarudisha pampu mahali pake. Akaingia kwenye gari lake akaondoka bila kuaga.

*

Alhamisi, saa tisa na nusu, Conny alimpigia simu dukani. Hedda hajafika nyumbani. Simu yake iko kitandani, haina chaji.

Pernilla alimwacha mteja na kopo la rangi wazi. Alienda shuleni: uwanja mtupu. Akaenda ukumbi wa michezo, akafungua mlango, watoto wa mpira wa mikono wakageuka wote, Hedda hayumo. Akapita daraja la mto akiwa amepunguza mwendo, akatazama maji meusi, akajilaani kwa kutazama. Mwanangu. Mwanangu hajala wiki mbili na mimi namsifu macho!

Baiskeli ya Hedda ilikuwa imelala kwenye theluji nyuma ya zizi.

Ndani mlikuwa na taa, na wasichana wanafunga lijamu na kugombea brashi. Pernilla akapita katikati yao hadi kibanda cha mwisho. Hedda alikuwa mle, amevua glavu, viganja viwili juu ya mgongo wa Sirap, analia bila sauti. Farasi alikuwa ametulia, sikio moja limemgeukia.

"Hedda! Tumekutafuta mji mzima!"

"Ni hapa," Hedda akasema, hakugeuka. "Hapa ndipo nilipomuumiza."

"Ulipo... nini?"

"Siku ile ya mvua. Nilichelewa, nikaweka kitambaa cha tandiko haraka, kilikuwa na mkunjo. Niliuona, Mama! Niliuona nikasema haidhuru. Nikampanda saa nzima juu ya mkunjo. Halafu daktari akaja, akamgusa hapa, akashtuka." Kamasi zikawa zinamtoka, hafuti. "Berit anajua. Wote wanajua. Ndiyo maana wamenitoa. Na wewe unajua, unaniongelesha kama mgonjwa. Hakuna anayesema. Nikila, chakula kinarudi. Nimemvunja mgongo, na hakuna anayenigombeza!"

Pernilla akashika mlango wa kibanda. Wiki mbili zote alikuwa anapigana na nyoka aliyemtengeneza mwenyewe, na mtoto alikuwa anaumwa na mwingine kabisa.

Na shetani hakosi njia. Palepale uongo mzuri ukamjia tayari ulimini, mtamu, wenye huruma: uzee tu, mwanangu, Sirap amezeeka. Akaanza hata kuutamka.

"Si wewe, mpenzi wangu. Ni uzee tu. Mgongo wa kizee..."

"Mbona Tilde anampanda?"

Wale wasichana walikuwa wanasikiliza, brashi hewani. Berit alikuwa amesimama na ndoo ya maji, na haikuonekana kama ana haraka ya kuipeleka popote.

"Mwambie, Berit," Pernilla akasema. Sauti ilitoka nyembamba.

"Mmenikataza."

"Nakuomba."

Berit akaweka ndoo chini. Aliongea kama anavyoongea kuhusu majani makavu na misumari ya kwato. "Hedda, mkunjo wa kitambaa ungemchubua ngozi, na hana mchubuko. Hukumuumiza. Sirap ni mdogo na ni mzee. Anaweza kubeba kilo arobaini. Wewe umepita hapo. Umepita kwa sababu unakua. Basi. Kila mwaka kuna mtoto anapita. Ningekwambia siku ya kwanza."

Hedda alisimama anapepesa macho. Unaweza kuona jambo likimwingia kidogo kidogo, kwanza lile zito likitoka, halafu jipya likikaa mahali pake, nalo lina ncha yake. Mashavu yakamwiva.

"Ni kilo?"

"Ni kilo."

"Kilo tu?"

"Kilo tu."

"Sikumvunja."

"Hukumvunja."

Akaegemeza paji la uso kwenye shingo ya farasi, akakaa hivyo. Halafu akageuka, na ile hasira iliyokuwamo machoni ilimfanya Pernilla arudi nyuma hatua moja.

"Nani aliamua nisiambiwe?"

Berit akainamia ndoo. Wasichana wakatazamana. Pernilla angeweza kusema kamati. Ni kweli, ilikuwa kamati.

"Mimi," akasema.

"Kwa nini?"

"Niliogopa. Nilipokuwa na umri wako walinipima mbele ya watu wakanicheka. Sikutaka na wewe..."

"Lakini mimi si wewe!"

Pernilla akanyoosha mkono amshike.

Hedda alimpita, akawapita na wenzake, akaelekea stoo ya chakula cha farasi. Mizani ile ya magunia imesimama mle tangu enzi za babu zetu, jukwaa la chuma na mkono mrefu wenye kijiwe cha kusukuma. Akapanda na buti zake. Akasukuma kijiwe, kikalia tak, tak, tak. Pernilla alitaka kupiga kelele. Akajikaza.

"Hamsini na mbili!" Hedda akasoma kwa nguvu, kama anayemtukana mtu. Akawatazama wenzake mlangoni mmoja mmoja, anangojea.



"Na buti?" Tilde akauliza.

"Na buti."

"Buti zina kilo mbili. Mimi nijaribu!" Na kadogo kale kakarukia mizani hata kabla Hedda hajashuka vizuri. "Ishirini na nane! Berit, ishirini na nane, naweza kumpanda paka!"

Hapo kizuizi kikavunjika. Wakapanga foleni, wakasukumana. Moa wa jirani akapanda, akasoma yake, akasema, "Kumbe! Basi mimi na Hedda tunamgombea Bastian," na hakuna mbingu iliyoanguka. Mmoja akapanda na mbwa. Berit mwenyewe akapanda, wakashangaa kwamba mtu mrefu hivyo ni mwepesi hivyo, wakamwambia ale.

Pernilla alikuwa amesimama kando ya magunia, makwapa yanamtoka jasho ndani ya koti la baridi.

"Sasa wewe, Mama," Hedda akasema.

Si kwa utani. Wala si kwa ukatili. Alikuwa anadai deni lake.

"Hedda, mimi... tumechelewa. Baba anasubiri."

"Panda."

Kutoka pale aliposimama mpaka kwenye mizani hata mtoto angeruka mara moja. Kwa Pernilla ilikuwa ni kurudi mpaka darasa lile, harufu ile ya spiriti, muuguzi yule na kalamu yake. Alitazama wasichana. Alitazama mlango. Alifikiria mizani ya bafuni chini ya turubai, na kioo kilichogeuzwa uso ukutani, na akaona aibu kubwa kuliko ile aliyokuwa anaiogopa.

Akapanda. Jukwaa likalia chini yake. Kijiwe akakisukuma mwenyewe, kikapita ishirini na nane, kikapita hamsini na mbili, kikaendelea, tak, tak, tak, na kila alipodhani kimefika hakijafika. Masikio yalimwaka. Mwishowe mkono wa mizani ukasimama sawa.

"Tisini na tatu," akasema. Haikusikika. Akameza mate. "Tisini na tatu!"

Hakuna aliyelia kama ng'ombe. Tilde alikuwa amekunja uso, anahesabu kwa vidole.

"Bastian anabeba mia na ishirini," akatangaza. "Kwa hiyo hata wewe anakuweza! Unaweza kuanza Jumanne!"

Pernilla akacheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, akabaki juu ya mizani anafuta macho kwa mikono ya koti. Hedda akampa mkono ashuke.

*

Gari lilikuwa limeshapita kituo cha mafuta.

"Bado nina hasira," Hedda akasema.

"Najua."

"Nitammiss Sirap."

"Berit amesema utamtembeza kwa kamba. Hakuna mwingine anayemfuata kama wewe."

"Si sawa na kumpanda."

"Si sawa," Pernilla akakubali.

Conny alikuwa mlangoni ametoa macho. Hedda akampita, akavua buti, akaenda kuketi mezani na koti lake. Supu akaimaliza. Chapati ya kwanza hakuikunja, aliila kwa mikono kama fundi. Ya pili akaipaka jamu. Ya tatu alimnyang'anya baba yake ikiwa bado kwenye mwiko.

"Polepole, mama," Conny akasema. "Zipo. Zipo nyingi."

Pernilla alikuwa amesharudi kwenye sinki. Alifungua bomba, akachukua kijiko cha supu, akakipeleka mdomoni amesimama, macho dirishani.

Nyuma yake akasikia kiti kinaburutwa sakafuni.

"Kaa, Mama," Hedda akasema, mdomo umejaa. "Zinapoa."

Pernilla akafunga maji. Akakaa.